Mgrevilea Wako Una Maua Ndani: Namna ya Kuupasua Bila Kupoteza Mbao wala Vidole

Ndugu mkulima, ukisimama mlangoni kwako na kuutazama mpaka wa shamba, yamkini unaona safu ya migrevilea. Katika sehemu za Mlima Kenya wengi huuita mti huu mukima au mubariti. Labda uliipanda wewe mwenyewe. Labda ilipandwa na baba yako au babu yako alipopewa shamba katika ule mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962. Kila mwaka unapunguza matawi yake kwa kuni, na majani yake huanguka chini yakawa mbolea. Halafu siku moja karo ya shule inadaiwa, dalali anafika na msumeno wa mnyororo begani, ule wengi huuita pawaso. Anaupigapiga mti kwa kiganja, anataja bei, nawe unakubali.

Swali letu la mwezi huu ni hili: Je, wakijua ulichouza?

Wakulima wengi hawajui. Huuza mti kwa kuutazama kwa macho, kama mtu anayeuza ng'ombe gizani. Nao mgrevilea, ukipasuliwa kwa namna fulani, hutoa mbao zenye maua ya kung'aa ambazo huko ng'ambo watu wangezinunua kwa fedha nyingi. Ukipasuliwa ovyo, hutoa mbao za kufungia masanduku ya nyanya. Mti ni ule ule, wenye kutofautiana ni mpasuaji.

MTI HUU ULITOKA WAPI

Asili ya mgrevilea ni Australia, upande wa mashariki, katika majimbo ya Queensland na New South Wales. Uliletwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni ili uwe kivuli katika mashamba ya kahawa na chai. Wakulima wadogo waliupenda, kwa kuwa hauibii mimea chakula kama mikaratusi, wala haukasiriki ukikatwa matawi. Kwao Waingereza huuita kwa jina lenye maana ya "mwaloni wa hariri". Si mwaloni kamwe, wala haina ujamaa nao. Uliitwa hivyo kwa sababu mbao zake zikipasuliwa vizuri huonyesha mng'ao kama wa hariri, na madoa kama ya mbao za mwaloni wa Ulaya.

Siku hizi mti wa shambani una kazi kubwa kuliko zamani. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na kwa miaka kadhaa maseremala wengi wa Nairobi walitegemea miti ya mashambani. Tena kanuni za mwaka 2009 za misitu ya mashambani zilitaka kila mkulima awe na miti katika asilimia 10 ya ardhi yake. Basi ikiwa una miti, afadhali ujue thamani yake.

MAUA YA MBAO NI NINI

Huko Marekani ya Kaskazini na Ulaya uko mti uitwao mepo. Jani lake ndilo lililochorwa katika bendera ya Kanada tangu mwaka 1965. Mepo mwingi ni mweupe na wa kawaida tu. Lakini mti mmoja katika mingi, nyuzi za mbao yake hazikui zimenyooka. Hukua kwa mawimbi, kama maji ya ziwa yakipigwa na upepo. Ubao wake ukipigwa randa, mwanga huruka kwa namna mbalimbali juu ya mawimbi yale, nawe ukiugeuza mkononi waona mistari ya giza na nuru ikitembea. Ubao huo ndio unaotengenezewa migongo ya fidla nzuri. Mepo mwingine una vidoto vidogo kama macho ya ndege. Kwa nini mti mmoja una maua na jirani yake hana, wataalamu hawajakubaliana hata leo.

Ugumu wa mepo wenye maua ni kwamba huwezi kuupanda kwa kukusudia na kuwa na hakika. Ni bahati. Mgrevilea si hivyo. Maua yake hayatokani na bahati. Kila mgrevilea unayo.

Chukua kipande cha gogo la mgrevilea, ulainishe mwisho wake kwa randa, kisha uutazame. Utaona mistari myembamba, ya rangi hafifu, itokayo kiinini na kwenda hadi kwenye gome, kama spoku za gurudumu la baiskeli. Mistari hiyo ni njia ambazo mti hutumia kupeleka chakula kutoka nje kwenda ndani. Katika miti mingi njia hizi ni nyembamba mno hata hazionekani. Katika mgrevilea, kama katika mwaloni, ni pana.

Sasa fikiri. Ukiupasua ubao ukikatiza spoku hizo, utaona ncha zake tu, yaani vijistari vifupi kama mbegu za ufuta. Lakini ukiupasua ubao kwa kuifuata spoku yenyewe, kutoka gomeni kwenda kiinini, uso wa ubao utaifunua spoku nzima kwa ubavu wake. Hapo ndipo yanapotokea madoa mapana yang'aayo kama magamba ya samaki. Hiyo ndiyo siri yote. Hakuna uchawi ndani yake.

NILIYOYAONA MUTHURWA

Ikiwa umewahi kupeleka viazi au kabichi katika Soko la Wakulima la Nairobi, lile tuliitalo Marikiti, basi umeupita mtaa wa Muthurwa. Uko hapo hapo jirani, kando ya barabara ya Landhies. Reli ndiyo iliyoujenga wakati wa ukoloni, ili wafanyakazi wake Waafrika wapate mahali pa kulala. Baadaye kilijengwa hapo soko kubwa la wachuuzi pamoja na kituo cha matatu. Ukiendelea mbele kidogo unafika Kamukunji, wanakofua mabati mafundi wa jua kali, kisha Gikomba, kwenye mbao, nguo na samaki.

Katika mtaa huo nilionyeshwa kazi ya mzee mmoja aliyestaafu reli. Si seremala wa kuuza. Kazi hii kwake ni burudani ya jioni, kama vile wengine wanavyocheza bao. Hutengeneza masanduku madogo, yenye kifuniko, ya kutunzia karatasi za thamani: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, na hati za shamba. Mjukuu akioa au akiolewa hupewa sanduku lake. Pembe zake zimekutana hata wembe haupiti katikati, na kifuniko kina maua yaliyong'aa kama hariri.

Nikamwuliza, "Mzee, mbao hizi wazitoa ng'ambo?" Akacheka, akaniambia, "Kijana, hizi nazitoa kwenye kuni."

Naye alisema kweli. Wauzaji wa mbao huuza mabaki kwa gunia, yatumike jikoni. Yeye hupekua mabaki yale, akitazama mwisho wa kila kipande. Penye spoku zinazolingana na uso wa kipande, hicho hukiweka kando. Vingine huachiwa mama lishe. Neno hilo lilinikaa moyoni, kwa kuwa mabaki hayo yalitoka katika mashamba kama lako. Mkulima aliupalilia mti miaka 20, na sehemu yake iliyo nzuri kuliko zote ikaenda kuchemshia maharagwe.

KWANZA, UPIME MTI WAKO

Kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote, uupime mti. Chukua kamba, uizungushe shina kwa urefu wa kifua chako, kisha uipime kamba hiyo. Zidisha kwa 7, ugawanye kwa 22. Hapo umepata upana wa gogo. Kwa mfano, kamba ikiwa inchi 50, gogo lina upana wa kama inchi 16.

Mti wa chini ya inchi 12 haufai kwa mbao za maua, kwa sababu ubao wa namna hii hauwezi kuwa mpana kuliko nusu ya gogo. Gogo la inchi 16 lina nusu ya inchi 8. Ondoa gome, ondoa sehemu ya nje iliyo laini, ondoa kiini chenye nyufa. Unabaki na ubao wa inchi 5 au 6. Basi usiwe na haraka ya kukata mti mchanga. Mgrevilea uliotunzwa hufaa kwa mbao ukiwa na miaka 15 hadi 20 hivi.

Kutunza maana yake ni kukata matawi ya chini yangali madogo, karibu na shina, bila kulijeruhi gome. Tawi likiachwa likawa nene kama mkono, litaacha fundo kubwa ndani ya ubao, na fundo huharibu maua na kuupinda ubao.

PILI, UPASUAJI WA ROBO

Mpasuaji wa kawaida hulilaza gogo na kulikata bamba juu ya bamba, kama mtu akatavyo mkate. Kwa njia hiyo ni mbao mbili tatu za katikati tu zitakazokuwa na maua. Zilizobaki zitakuwa za kawaida, tena zitapenda kujikunja.

Njia ya robo ni hii. Kata gogo kwa urefu unaoutaka, tuseme futi 4 kwa samani ndogo. Lipasue katikati kupitia kiini, upate vipande viwili. Kila kipande ukipasue tena katikati kupitia kiini, upate robo nne. Sasa kila robo ina nyuso mbili bapa zinazokutana kwenye kiini. Kata ubao mmoja kutoka uso wa kwanza, kisha uigeuze robo ukate ubao mmoja kutoka uso wa pili, kisha urudi uso wa kwanza. Endelea hivyo mpaka robo inakwisha. Mbao zitapungua upana kadiri uendavyo, lakini zote zitafuata spoku, au zitakaribia.

Faida ya pili ya njia hii ni kubwa kuliko maua. Ubao unapokauka hupungua. Lakini haupungui sawasawa: ule uliokatwa kwa kufuata spoku hupungua upana wake kama nusu tu ya ule uliokatwa kwa kukatiza. Ndiyo sababu mlango wa mbao za robo haukwami wakati wa mvua, wala hauachi nafasi wakati wa kiangazi.

Sasa tuseme habari ya upotevu. Mnyororo wa pawaso hula kama inchi 3/8 kila unapopita. Ukikata mbao 8 zenye unene wa inchi 1, kuna njia 7 katikati yake. Zidisha 7 kwa 3/8, utapata zaidi ya inchi 2 na nusu. Umegeuza mbao mbili na nusu kuwa vumbi! Msumeno wa duara wenye njia ya inchi 1/8 ungekula inchi 7/8 tu, yaani chini ya ubao mmoja. Kwa hiyo pawaso itumike kuangusha mti na kupasua robo. Mbao zenyewe zikatwe kwa mashine nyembamba, hata kama itakubidi kulipa gari kulipeleka gogo kwa mwenye mashine.

TATU, UKAUSHAJI

Usimruhusu mtu yeyote kukudanganya ya kwamba mbao zikianikwa juani zitakauka vizuri. Zitakauka nje, ndani zikiwa mbichi, kisha zitapasuka. Zipange chini ya paa lenye kupitisha upepo. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vya inchi 1 kwa inchi 1, kila baada ya futi 2, vijiti vyote vikiwa vimesimama juu ya vingine katika mstari mmoja. Paka rangi ya mabaki kwenye ncha za mbao, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi huko na kuleta nyufa. Juu ya rundo weka mawe mazito.

Maseremala wa zamani wa Ulaya husema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Hapa petu jua na upepo husaidia, na muda huwa mfupi zaidi. Iko njia ya kujua bila kubahatisha. Chagua ubao mmoja, uupime uzito kwa mizani kila wiki, na kuandika. Uzito ukiacha kupungua kwa majuma matatu mfululizo, mbao zako zimekauka kadiri hewa ya mahali pako inavyoweza kuzikausha.

NNE, MSUMENO WA MEZA UNYOOSHWE

Siku hizi vijana wengi katika vituo vya biashara wana msumeno wa meza. Mwingine umenunuliwa dukani, mwingine umeungwa na mafundi wa jua kali kwa vyuma vya pembe na mota. Hata uwe wa namna gani, msumeno usionyooshwa ni adui wa ubao na wa mkono. Yafuatayo hayataki fedha. Yanataka guniya, rula, kipande cha chaki, na subira.

Kabla ya yote, ng'oa waya wa umeme ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

Jambo la kwanza ni bledi kusimama wima. Weka guniya juu ya meza, ubavu wake uguse bledi penye bamba, si penye meno. Usione mwanga katikati. Kisha urudishe waya ujaribu kwa mbao: kata kipande cha ubao kilichonyooka, vipande viwili uvilaze juu ya meza kama vilivyokuwa, halafu kimoja ukigeuze juu chini na uviunganishe tena. Vikikutana bila nafasi, bledi iko wima. Ikiwepo nafasi, kosa halisi ni nusu ya hiyo unayoiona, kwa kuwa kugeuza kumelifanya liwe mara mbili. Njia hii ni nzuri kuliko macho ya fundi yeyote.

Jambo la pili ni bledi kwenda sambamba na mfereji wa meza. Ng'oa waya tena. Tia chaki jino moja. Lilete mbele, upime kutoka mfereji hadi jino hilo. Izungushe bledi kwa mkono mpaka jino lile lile liwe nyuma, upime tena. Vipimo viwe sawa. Lazima liwe jino lile lile, kwa kuwa meno mengine yameinama kushoto na mengine kulia, nayo yatakudanganya.

Jambo la tatu ni fensi, yaani chuma au ubao ulionyooka unaouongoza ubao unapousukuma. Fensi iwe sambamba na bledi. Ikikosea, afadhali iwe wazi kidogo upande wa nyuma, kwa unene wa karatasi. Lakini isifunge nyuma hata kidogo. Fensi ikifunga, ubao hubanwa kati yake na meno ya nyuma ya bledi, ambayo hupanda juu, nao utarushwa kukuelekea kwa nguvu ya teke la punda.

Jambo la nne ni kisu cha nyuma. Hiki ni kipande cha bamba la chuma kilichosimama nyuma ya bledi, ndani ya njia iliyokatwa. Ubao wenye maua, au usiokauka sawa, hupenda kujifunga baada ya kukatwa. Kisu hiki huizuia njia isijifunge. Kiwe kinene kuliko bamba la bledi, lakini chembamba kuliko njia inayokatwa na meno. Misumeno mingi ya jua kali haina kisu hiki. Mwombe fundi akitengeneze kabla hujaleta mbao zako kwake. Ni kipande kidogo cha chuma, naye atakushukuru.

Jambo la tano ni kimo cha bledi. Meno yatokeze juu ya ubao kidogo tu, si inchi 3. Bledi ndefu haikati vizuri zaidi, bali ina nafasi kubwa ya kukufikia.

Kumbuka pia ya kwamba bledi ya inchi 10 hukata kina cha kama inchi 3 tu. Kwa hiyo gogo wala robo isiletwe kwenye msumeno wa meza. Kitu cha mviringo huviringika chini ya meno na kuvuta mkono pamoja nacho. Msumeno wa meza ni kwa mbao zilizokwisha pata uso bapa na ukingo mmoja ulionyooka.

HESABU YA KOSA DOGO

Huenda ukasema, "Karani huyu anasumbua watu kwa unene wa karatasi." Basi tufanye hesabu pamoja. Unatengeneza fremu ya picha. Fremu ina pembe nne, na kila pembe ina mikato miwili, jumla mikato 8. Msumeno wako umekosea nusu digrii tu, kosa lisiloonekana kwa macho. Nusu mara 8 ni digrii 4. Pembe tatu za kwanza utazilazimisha kwa gundi, nazo zitakubali. Pembe ya nne itakataa. Ikiwa mbao za fremu zina upana wa inchi 2, nafasi itakayobaki wazi ni karibu inchi 1/5. Mende ataingia humo bila kuinama.

Ndiyo sababu mzee wa Muthurwa hutumia jioni nzima kunyoosha msumeno, na jioni ya pili kukata. Haraka haraka haina baraka.

MBAO ZA MAUA NA RANDA

Kitu kinachofanya ubao ung'ae ndicho pia kinachofanya uchanike: nyuzi zake hazielekei upande mmoja. Kwa hiyo chuma cha randa kinolewe mpaka kinyoe vinywele vya mkono, nacho kitokeze kidogo sana. Ubao ukichanika upande mmoja, geuza upande wa pili. Ukikataa kote kuwili, acha randa. Tumia kipande cha bamba la msumeno wa zamani kilichonyooshwa ukingo kwa tupa, ukwarue taratibu kwa mikono miwili. Maliza kwa msasa laini, ukifuata urefu wa ubao. Mafuta ya kitani au vanishi isiyo na rangi hufunua maua. Rangi nzito huyazika.

Uangalifu mmoja: utomvu na vumbi la mgrevilea huwawasha watu wengine ngozi, wakatoka vipele mikononi na usoni. Tena mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyoweza kumletea binadamu saratani. Funika pua kwa barakoa nzuri, si kwa kitambaa chembamba. Fanya kazi penye upepo, na oga kabla ya kukaa na watoto.

VIDOLE KUMI

Nimeacha neno kubwa kwa sehemu ya mwisho. Wewe ni mkulima. Unakamua, unapalilia, unachuma chai au kahawa. Mikono yako ndiyo shamba la pili, na shamba hilo halina hati.

Hata wenye mashine nzuri huumia. Huko Marekani, mwaka 1999, mtu mmoja aitwaye Steve Gass, aliyekuwa mwanasheria wa mambo ya uvumbuzi na mpenda useremala wa kujifurahisha, alibuni msumeno wa meza unaotambua nyama ya mtu na kujisimamisha mara moja kabla haujaingia ndani. Alifanya hivyo kwa sababu watu wengi, mafundi na wasio mafundi, walikuwa wakikatwa vidole kila mwaka. Misumeno ya vituo vyetu haina akili hiyo. Akili lazima iwe kichwani mwako. Basi shika amri hizi:

1. Ubao mwembamba usukumwe kwa kijiti, si kwa vidole.

2. Usisimame nyuma ya ubao moja kwa moja. Simama kando kidogo, ili ukirushwa usikupige tumboni.

3. Usivae glavu, wala sweta la mikono mipana, wala leso inayoning'inia. Meno yakishika nyuzi yatavuta mkono.

4. Usipitishe mkono juu ya bledi kuchukua kipande. Zima, ngoja isimame, ndipo uchukue.

5. Usikatize ubao mfupi ukiwa umeuegemeza kwenye fensi. Utajipinda na kurushwa.

6. Asiyelala vizuri, aliyekunywa pombe, au aliyekasirika, asiguse mashine siku hiyo.

7. Watoto wakae mbali, nje ya mlango.

UFANYE NINI MWEZI HUU

Hatusemi kila mkulima awe seremala. Lakini kila mkulima anaweza kujua mti wake. Mwezi huu pima migrevilea yako yote, uandike vipimo katika daftari. Chagua mmoja ulio mnene na ulionyooka. Kabla ya kuukata, umwone afisa wa misitu wa kaunti yako ndogo, akueleze ruhusa zinazotakiwa kwa kukata na kusafirisha. Kisha patana na mpasuaji juu ya robo, mdomo kwa mdomo na mbele ya shahidi, kabla mnyororo haujawashwa. Mahali pa mti huo panda miche miwili.

Dalali atakapokuja tena, atalipigapiga shina kwa kiganja kama kawaida yake. Wewe mpe daftari asome upana wa gogo, kisha umwonyeshe kipande kimoja cha ubao wa robo kilichopigwa randa. Mazungumzo ya bei yaanzie hapo. Na ikiwa ubao mmoja utabaki, na kijana wa nyumbani ana subira, atengeneze sanduku la kuwekea hati ya shamba. Mti ulioota mpakani utailinda karatasi inayouonyesha mpaka wenyewe.